Aliyelala Jikoni

Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, mwanangu, siku ya Jumanne, wakati Daktari Wawira, mkuu wetu wa utafiti, alipogeuza kiti chake akaniuliza swali ambalo ningeweza kulijibu nikiwa na miaka mitano. Saa naikumbuka kwa sababu chai ya ofisi ililetwa saa nne, na harufu ya tangawizi ilikuwa imeshaanza kutufikia kutoka chumba cha pili. Nikamjibu kwa maneno matatu. Maneno hayo yalikuwa uongo, na ndiyo ninayotaka kukusimulia, kwa kuwa umeniambia umepata kazi kama ile niliyokuwa nikiifanya mimi. Umefurahi, na una haki ya kufurahi, ila sitaki uende na furaha peke yake.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Shule niliiacha kidato cha nne, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na karo ya kunipeleka mbele. Takwimu nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na kwa kulipia kompyuta saa moja moja pale mjini Embu. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Dallas, pale pale Embu, nina viatu vya kupiga rangi na kalamu mbili mfukoni, na wapangaji wenzangu wa ploti waliniita Daktari kwa mzaha. Sikuwakataza.

Kazi yetu ilikuwa hii. Utafiti wa afya ya mapafu ulikuwa umefanywa mara tatu, na watu watatu tofauti, mahali patatu: Embu mjini na viunga vyake, Mitunguu kule chini kwenye migomba, na milimani juu ya Maua. Kila mahali watu walipuliza mashine inayopima pumzi, kisha wakaulizwa umri wao, kimo chao, kama wanavuta sigara, kama wanapikia kuni, kama wanakohoa asubuhi. Kila utafiti ukiwa peke yake ulikuwa mdogo mno kusema neno la kuaminika. Mradi wetu ulianzishwa kuyaunganisha majibu yote yawe jedwali moja, ili wengi waonyeshe kile ambacho wachache hawawezi kuonyesha.

Usidhani kuunganisha ni kumwaga magunia matatu ya mahindi katika ghala moja. Huyu amepima kimo kwa sentimita, yule kwa futi. Huyu ameuliza kama unavuta sigara, yule ameuliza kama umewahi kuvuta. Kabla hujayaweka majibu mawili katika safu moja, lazima uhakikishe kwamba watu waliulizwa jambo lile lile. Hiyo sehemu niliipenda. Nilikuwa mtu wa kuangalia kila kitu mara mbili, na bado ndivyo nilivyo.

Taabu ilikuwa kwenye moshi. Watu wa Embu waliulizwa kama wanapika katika chumba wanacholala. Watu wa Mitunguu waliulizwa wanapikia wapi, kisha wakaulizwa wanalala wapi. Na kwa kuwa kule kuna joto, wengi walisema wanapikia nje, kwenye kibanda kisicho na kuta. Watu wa Maua waliulizwa swali moja tu: je, mna nyumba ya jikoni iliyo peke yake? Karibu wote walijibu ndiyo, na walijibu kwa fahari. Kwetu milimani, mwanamke mwenye nyumba yake ya jikoni ni mwanamke aliyekamilisha boma lake. Hakuna anayesema hana.

Sisi tulitaka safu moja yenye majibu mawili: analala penye moshi, halali penye moshi. Kwa Embu na Mitunguu jibu lilipatikana. Kwa Maua halikuwepo, na ndipo Daktari Wawira akageuza kiti.

"Mwiti, wewe si ni mtu wa huko juu?" akasema. "Hawa wenye jikoni peke yake. Huko jikoni kuna mtu analala, ama ni jikoni tu?"

Kabla sijafungua mdomo, Muriithi akadakia kutoka dirishani. Muriithi alikuwa mtu wa Embu na rafiki yangu. Nusu ya vitabu nilivyosoma vilikuwa vyake.

"Daktari, huyo usimuulize. Wameru hulala na mbuzi, na anayelalamika asubuhi ni mbuzi."

Tukacheka wote. Daktari naye akacheka kidogo, akificha mdomo kwa faili. Siku nyingine ningemrudishia Muriithi, maana utani wa Embu na Meru ulikuwa chakula chetu cha kila siku. Siku hiyo sikuweza, kwa sababu alikuwa amekaribia ukweli mno.

Nililelewa na cucu yangu, mama yake mama, katika boma lililo juu ya Maua, mahali ambapo ukungu hushuka alasiri na hauondoki mpaka kesho yake jua likiwa juu. Nyumba kubwa ilikuwa ya wageni na ya magunia. Cucu alilala jikoni, kwenye kitanda cha mbao kilichokuwa hatua chache kutoka kwenye mafiga, na mimi nililala naye. Ndivyo walivyolala bibi wengi wa kwetu, na wajukuu wao pamoja nao, kwa sababu ya baridi. Hapakuwa na dirisha. Moshi ulipanda kwenye dari ya kukaushia kuni, ukatafuta njia yake kwenye nyasi za paa, na baadaye, tulipoezeka mabati, ukakosa njia.

Sikuona ubaya wowote mpaka nilipokwenda shule ya bweni. Wiki ya kwanza tu, wavulana wawili walivuta blanketi langu, wakalinusa, wakauliza ni nani ameleta nyama ya kukaushwa. Kwa muhula mzima nililianika juani kila Jumamosi. Harufu haikutoka. Nikajifunza kutosema tulilala wapi, na jambo ukilificha kwa miaka mingi linakuwa kama halikutokea.

Basi nikamwambia Daktari: "Ni jikoni tu."

"Una uhakika? Maana nimetenga nauli. Mtu anaweza kupanda huko, akauliza upya nyumba chache, tukajua."

"Nina uhakika, Daktari. Nimekulia huko."

Mwanangu, lile neno la kwanza lilitoka kwa woga, na mtu anaweza kusamehewa woga. Hili la pili nililichagua. Nilichukua utoto wangu wenyewe nikautumia kama ushahidi wa uongo. Daktari akashukuru, akarudisha bahasha ya nauli kwenye droo, na chai ikaingia.

Jioni ile ile niliwaandika wale wanawake wa Maua wote kuwa hawalali penye moshi. Kisha nikaendelea na kazi kwa uangalifu mkubwa. Nilibadilisha futi kuwa sentimita na kukagua hesabu. Niligundua kwamba mashine ya Mitunguu ilikuwa ikisoma chini kidogo kuliko zile nyingine, na nikasifiwa mbele ya wageni kwa kuligundua hilo. Nilihakiki kila neno la kila mtu katika jedwali lile, isipokuwa langu.

Matokeo yalipotoka, Daktari aliyatazama kwa muda mrefu. Wanawake wa milimani walikuwa na pumzi fupi kuliko wote, na bado jedwali lilisema hawalali penye moshi. Kwa ajili hiyo moshi wenyewe ulionekana kuwa jambo dogo, hata kwa Embu na Mitunguu. Alijaribu kuelewa. Pengine ni baridi, alisema. Pengine ni magonjwa ya kifua ya utotoni. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake, jibu likiwa ndani yangu, na nikasema kwamba baridi ya kwetu ni kali kweli.

Sasa sikiliza kilichokuwa kinategemea safu ile. Mfadhili alikuwa ametoa fedha za kujenga mabomba ya kutoa moshi majikoni, na za kuleta muuguzi wa kifua kila mwezi kwa mwaka mmoja. Fedha hazikutosha mahali pote. Zingeenda kwanza kwa watu wanaolala penye moshi. Jedwali langu likasema Embu na Mitunguu. Maua haikupata hata muuguzi wa siku moja.

Daktari Wawira alikuwa mtu wa heshima. Aliamini kwamba watu waliopimwa lazima waambiwe walichopimiwa. Akatutuma kusoma matokeo kila mahali. Maua akanipa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyejua Kimeru. Ningeweza kukataa. Nilijiambia nitasoma haraka, kwa lugha ya vitabu, watu watashukuru na kwenda kula.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, kanisani kwetu, pale nilipobatizwa. Nilivaa suti. Cucu alikuwa kiti cha pili kutoka mbele, kati ya akina mama wenzake, kichwani kitambaa cheupe, na nilipopanda mbele niliona anawagusa wenzake kwa kiwiko kuwaonyesha ni nani huyo. Furaha yake ile ndiyo inayonichoma kuliko yote yaliyofuata.

Nikasoma. Nikasema pumzi za akina mama wa huku ni fupi kuliko za wenzao wa chini. Nikasema sababu yake haijajulikana, huenda ni baridi. Nikasema haionekani kuwa ni moshi, kwa kuwa akina mama wa huku hawalali penye moshi, na kwa hiyo mabomba yatajengwa kwanza mahali pengine.

Nikakunja karatasi. Kisha mama mmoja nyuma akacheka, mwingine akacheka, na wa tatu alipotaka kucheka akashikwa na kikohozi. Mzee wa kanisa akauliza kama kuna swali. Cucu akasimama, akishikilia mgongo wa kiti cha mbele.

"Nina swali kwa kijana wa ofisi," alisema. Hakuniita mjukuu wake. "Wewe ulipokuwa mdogo ulilala wapi?"

"Nyumbani," nikasema.

"Nyumbani ni pakubwa. Wapi?"

"Jikoni, Cucu."

"Na nani?"

"Na wewe."

"Na moto ulikuwa umelala wapi?"

Hapo watu walicheka sana, na hata mzee wa kanisa akainamisha uso. Cucu alingoja kicheko kiishe.

"Mimi bado nalala pale pale," akasema. "Andika." Kisha akaketi.

Nilishuka pale mbele bila kujua nilivyoshuka. Vijana wa pikipiki za miraa waliokuwa wamesimama mlangoni walinipisha njia, na mmoja akaniambia kwa upole wa kuumiza, "Pole, Daktari."

Nilimfuata Cucu mpaka nyumbani, nyuma yake. Mlima ule wa kwenda bomani alikuwa akiupanda bila kusimama nilipokuwa mtoto. Siku hiyo alisimama mara nyingi, mkono kiunoni, akijifanya anatazama mashamba ya majirani. Nilikuwa nimeona namba za pumzi yake kwenye jedwali na sikujua ni zake, maana majina tulikuwa tumeyaondoa. Sasa nilizisikia.

Akaingia jikoni, nikaingia. Aliinama akapuliza makaa, akasimama kupumua, akainama tena. Nikataka kumsaidia, akaniambia nikae. Akanipa githeri, mahindi na maharagwe, akangoja nimalize. Ndivyo alivyokuwa, hakumkemea mtu mwenye njaa.

"Yule msichana wa mashine," akaanza, "aliniambia nivute pumzi nyingi, nipulize mpaka mwisho. Nikapuliza. Akasema, rudia, Cucu. Nikarudia. Akasema, Cucu, mbona hupulizi kwa nguvu? Nikamwambia, nimepuliza moto miaka mingi, kuna mtoto wa kifua nilikuwa nalea, iliyobaki ndiyo hiyo. Akacheka. Alifikiri ni utani."

Mtoto wa kifua nilikuwa mimi. Kila usiku wa baridi alikuwa akiamka kuupuliza moto usizimike, nisije nikaanza kukohoa.

"Sina haja na bomba lao," akasema tena. "Nimeishi bila bomba. Lakini umenitoa kitandani kwangu ili wenzako wasikucheke. Sasa katika karatasi zako mimi nalala wapi?"

Nilitaka kumweleza habari za blanketi, za shule, za Muriithi. Nikaona kwamba kila nililotaka kusema lilikuwa linanihusu mimi. Nikamwomba msamaha. Akasema msamaha amenipa, ila yeye si peke yake anayelala jikoni.

Kesho yake asubuhi nilikuwa ofisini Embu kabla ya wengine. Daktari Wawira alipoingia nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Hakupaza sauti. Alivua miwani akaiweka mezani.

"Muriithi alicheka," alisema. "Na mimi nilicheka. Hilo ni letu, tutalibeba. Lakini nilikuuliza wewe, Mwiti, kwa sababu hakuna kitabu ningeweza kukifungua nikapata jibu hilo."

Hakunifukuza. Wakati mwingine nimetamani angenifukuza. Akaniagiza nipande Maua, nikapite nyumba zote zilizopimwa, niulize swali moja jipya: jana usiku, ni nani alilala jikoni? Nilipita kila mlango, na kila mlango habari yangu ilikuwa imenitangulia. Wanawake waliniita huyu wa Cucu. Walinicheka, wakanipa chai, kisha wakanijibu. Muriithi alikuja nami siku mbili bila kuombwa, na mama mmoja alipomuuliza kwao Embu watu hulala wapi, alisema bibi yake hulala jikoni. Hakuwahi kuniambia. Nami sikuwahi kumuuliza.

Tulipoliunganisha jedwali upya, lilisema jambo jingine kabisa. Moshi ulionekana waziwazi, mahali pote patatu, na waliolala nao walikuwa ndio wenye pumzi fupi. Daktari aliandika ripoti ya pili, akaeleza kwamba ya kwanza ilikuwa na kosa na kosa lilikuwa wapi, bila kunitaja jina. Lakini fedha zilikuwa zimeshapelekwa. Matofali yalikuwa yamefika kwa watu wengine, na huwezi kumnyang'anya bibi wa Embu bomba lake. Milima ya kwetu ilingoja mradi mwingine kwa miaka.

Cucu nilimtengenezea bomba mimi, la bati, pamoja na fundi wa pale sokoni Maua. Alilikagua, akasema moshi sasa unatoka lakini joto nalo linatoka, kwa hiyo nimletee blanketi. Nikamletea. Kikohozi kilipungua kidogo. Pumzi haikurudi, iliyokwisha kwenda ilikuwa imekwenda. Alikaa nasi misimu mitatu ya mvua, akafia kwenye kitanda kile kile cha mbao, moto ukiwaka. Blanketi lile ninalo mimi. Linanuka moshi, na sijalifua.

Leo nimepita miaka hamsini, na ninyi mnaniita mzee. Nimefundisha vijana wengi kuunganisha namba, na nimewaambia mambo mengi ya kompyuta ambayo mtu anaweza kuyasoma popote. Hili nililokueleza sijawahi kulisema mbele ya darasa. Nakuambia wewe.

Utakapokaa mbele ya jedwali lako, mwanangu, kumbuka kwamba kila mstari ni mtu aliyevuta pumzi akapuliza kwa sababu ulimwomba. Usilinganishe majibu mpaka umejua maswali yalivyoulizwa, na yaliulizwa katika nyumba ya namna gani. Usipojua, sema hujui, hata kama chumba kizima kinakutazama. Ukijua, sema unachojua, hasa kama kinatoka nyumbani kwenu na kinakutia haya. Watu wa ofisi watakuwa na shahada nyingi kuliko wewe, lakini hawakulala ulipolala. Ukilificha hilo, umewaacha gizani, na wa kwanza kuumia atakuwa mtu aliyekulea. Na ukikosea, rudi mapema. Mimi nilikuwa na miezi kadhaa ya kurudi, nikingoja siku ambayo haitakuwa na aibu. Siku hiyo haiji. Kila siku uliyoiahirisha, mtu mwingine ameilipa.

Na wenzako wakitania, cheka nao. Muriithi hakuwa na kosa. Ningemjibu siku ile kwamba ni kweli, tunalala na mbuzi, na Cucu, na moto, Daktari angeandika na chai ingeendelea.

Mungu akupe kifua kizima na macho ya kuona watu katika namba. Akupe ulimi usioikana nyumba yako. Wazee wako wakusikie ukisoma majibu yao, waitikie kwa kichwa wakisema ndiyo, huyo ni mimi. Uende salama.

Nauli ile, siku moja baadaye, nilimuuliza Daktari ilikuwa kiasi gani, ile bahasha aliyoirudisha kwenye droo kwa sababu nilisema nimekulia huko. Akafikiri, akakumbuka. Nilichouokolea mradi siku ile, kwenda na kurudi, ni shilingi elfu moja na mia mbili.